Milioni 12 ilipoonekana ndogo kuliko milioni 5: uchambuzi wa kisa cha aina za data katika kugeuza XML

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika chama cha akiba na mikopo, SACCOS, nchini Tanzania. Jina la chama, mkoa, benki na watu wote vimeondolewa. Viwango vya fedha vimebadilishwa kidogo, lakini ukubwa wake umeachwa ulivyokuwa, maana ukubwa wa shilingi ndio uliofichua kosa la kwanza na kulificha la pili. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wawili waliotunza programu ya malipo ya chama hicho, na mabadiliko yaliyoleta shida niliyaandika mimi.

Kila mwezi chama hulipa mikopo iliyoidhinishwa pamoja na akiba za wanachama wanaotoka. Mfumo wa uhasibu hutoa faili moja la XML, yaani maandishi yaliyopangwa ndani ya vitambulisho vyenye majina, lenye orodha ya malipo: jina, akaunti, kiasi, tawi na tarehe. Faili la XSLT, lugha ya kugeuza XML kutoka umbo moja kwenda jingine, hulisoma na kuligeuza kuwa ujumbe wa pain.001, ambao ni ujumbe wa agizo la malipo katika kiwango cha ISO 20022. Kichwa cha ujumbe huo hubeba NbOfTxs, yaani idadi ya miamala, na CtrlSum, yaani jumla ya fedha zote. Kisha kila muamala una InstdAmt yake na alama ya sarafu, kwetu TZS. Benki hulinganisha CtrlSum na jumla ya miamala. Zikitofautiana, au faili lisipokubaliana na skima, yaani kanuni rasmi za umbo la faili, linarudi lote.

XSLT yetu ilikuwa ya toleo 1.0, lile la mwaka 1999. Tabia moja ya toleo hilo ni muhimu kwa kisa hiki. XPath ya toleo hilo, lugha ndogo ambayo XSLT huitumia kuchagua na kulinganisha thamani, inajua aina nne tu: maandishi, namba, kweli-au-si-kweli, na kundi la nodi, yaani vipande vya faili la XML. Hakuna tarehe, hakuna desimali. Ukiandika alama ya "kubwa kuliko" kati ya vitu viwili, injini, yaani programu inayoendesha XSLT, huvigeuza vyote kuwa namba kabla ya kuvilinganisha, upende usipende. Kisichosomeka kama namba kinakuwa NaN, yaani "si namba", na kazi inaendelea. Ni ulegevu, lakini tuliuzoea, na bila kujua tulikuwa tumejenga juu yake.

Bodi ilipotaka malipo yapangwe kwa matawi, kila tawi na fungu lake ndani ya ujumbe mmoja, niliona nafasi ya kuhama. Kupanga vitu kwa makundi katika XSLT 1.0 kunahitaji ujanja wa funguo ambao mtu mpya akiusoma anashika kichwa. XSLT 2.0, iliyopitishwa Januari 2007, ina xsl:for-each-group na kazi inakwisha kwa mistari michache. Nikaweka injini ya Saxon, nikabadili version="1.0" kuwa version="2.0", nikaandika sehemu ya makundi. Mistari mingine yote, zaidi ya mia tatu, nikaiacha kama ilivyokuwa kwa sababu ilikuwa "inafanya kazi".

Nilijaribu kwa faili letu la majaribio la siku zote: malipo matatu, 250,000, 400,000 na 200,000. Matokeo yalilingana na ya zamani herufi kwa herufi, ukiacha makundi.

## Kilichotokea

Mwezi wa kwanza wa malipo halisi, faili lilitumwa benki asubuhi ya Alhamisi. Kabla ya saa nne mhasibu alinipigia: "Kaka, benki wamerudisha faili zima, na wanachama wako hapa mlangoni." Taarifa ya benki ilitaja elementi moja, CtrlSum. Nilipolifungua faili nikakuta hivi:

    <CtrlSum>4.8735E7</CtrlSum>

Jumla ilikuwa shilingi 48,735,000. Thamani ni sahihi kabisa, ila imeandikwa kwa umbo la kisayansi, na skima ya pain.001 inasema CtrlSum ni desimali. Desimali ya skima haikubali E wala kipeo cha kumi. Nikaizungusha jumla kwa format-number ili iandikwe 48735000.00, faili likapita, na alasiri watu wakapata fedha zao. Nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba tatizo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Kosa la pili lilikuwa limepita siku ileile bila kelele yoyote.

Chama kina kanuni kwamba malipo yanayozidi shilingi milioni 5 lazima yasainiwe na mwenyekiti pia. XSLT ndiyo iliyotenga malipo hayo na kuyaweka kwenye faili la pembeni linalosubiri idhini ya pili. Kikomo hakikuandikwa ndani ya msimbo. Kilisomwa kutoka kichwa cha faili lilelile la uhasibu, ili bodi ikikibadilisha tusiguse XSLT. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

    <xsl:when test="kiasi > ../mipangilio/kikomo">

Mwezi ule mikopo mingi midogo iliangukia faili la kusubiri: 950,000, 600,000, 780,000. Afisa mikopo alidhani bodi imekaza masharti, akapeleka mafaili kwa mwenyekiti yasainiwe. Mwenyekiti naye akadhani ndivyo ofisi ilivyoamua, akasaini. Hakuna aliyeuliza, na siwalaumu, kwa kuwa kila mmoja aliona mfumo unadai zaidi, na mfumo unaodai zaidi huonekana salama.

Siku 11 baadaye, mhasibu akilinganisha daftari na taarifa ya benki, alikuta mkopo wa shilingi 12,000,000 umelipwa bila saini ya mwenyekiti. Mkopaji alikuwa halali na mkopo ulikuwa umepitishwa na kamati, kwa hiyo hakuna shilingi iliyopotea. Lakini kanuni ilikuwa imevunjwa, na iliyoivunja ni programu iliyowekwa kuilinda.

## Kwa nini 12,000,000 ikawa ndogo

XPath 2.0 ina aina nyingi za data, karibu zote zikitoka kwenye skima ya XML. Injini ikijua kwamba kiasi ni desimali, italinganisha kama desimali. Lakini faili likiingia bila kuhakikiwa kwa skima, injini haijui lolote kuhusu yaliyomo. Kila thamani huitwa xs:untypedAtomic, yaani kitu ambacho bado hakijapewa aina. Na hapa kuna sheria ambayo kila anayehama kutoka 1.0 anapaswa kuisoma mara mbili: visivyo na aina vikilinganishwa vyenyewe kwa vyenyewe, hulinganishwa kama maandishi.

Maandishi hulinganishwa kama maneno kwenye kamusi, herufi ya kwanza kwanza. "950000" na "5000000": 9 ni kubwa kuliko 5, basi 950,000 imezidi kikomo. "12000000" na "5000000": 1 ni ndogo kuliko 5, basi milioni 12 haijafika kikomo. Injini haikukosea. Ilijibu swali ambalo mstari wangu uliuliza.

Kilichonichelewesha kulitambua ni mstari mwingine, chini kidogo, uliokuwa ukifanya kazi vizuri: kiasi > 0. Huo ulikuwa sahihi kwa sababu upande wa kulia ni namba iliyoandikwa moja kwa moja. Kitu kisicho na aina kikikutana na namba, hugeuzwa kuwa namba. Kwa hiyo ndani ya faili moja, alama ileile ilikuwa na maana mbili, kutegemea kilichokaa upande wa pili.

Kosa la CtrlSum lina mzizi huohuo. Kitendo cha sum() kikipewa thamani zisizo na aina, huzigeuza kuwa namba za nukta inayoelea, ambazo kompyuta huhifadhi desimali zake kwa makadirio. Katika XPath 2.0 namba ya aina hiyo ikifika 1,000,000 na kuendelea, huandikwa kwa kipeo. Chini ya hapo huandikwa kawaida. XPath 1.0 haikuwahi kuandika kipeo hata siku moja.

Sasa rudi kwenye faili langu la majaribio. Jumla yake ni 850,000, chini ya milioni, kwa hiyo CtrlSum ilitoka safi. Na malipo yote matatu yanaanza na 2 au 4, tarakimu zilizo ndogo kuliko 5 ya kikomo, kwa hiyo hata ulinganishaji wa kimaandishi ulitoa jibu sahihi. Mtu angekaa chini akusudie kutengeneza faili la kuficha makosa haya mawili kwa pamoja, asingelifanya vizuri zaidi. Katika nchi ambazo mshahara ni maelfu machache ya fedha zao, kosa la kipeo linaweza kukaa miaka. Kwa shilingi yetu, linafika siku ya kwanza ya malipo halisi.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikaa watu watatu, mimi, mwenzangu na mhasibu, tukiwa na njia nne mezani.

Ya kwanza ilikuwa kurudisha version="1.0". Tuliikataa kwa sababu ingerudisha ulegevu wa zamani, ule unaogeuza kiasi kilichokosewa kuwa NaN bila kumwambia mtu.

Ya pili, kuweka number() kila penye ulinganisho. Inatibu, lakini inamtegemea mwandishi akumbuke kila mara, nami nilikuwa nimeshathibitisha kwamba mwandishi hakumbuki. Tena number() hutoa nukta inayoelea, ambayo haifai kwa fedha: 0.1 jumlisha 0.2 hutoka 0.30000000000000004, na skima ya InstdAmt inaruhusu tarakimu 5 tu baada ya nukta.

Ya tatu ilikuwa injini inayoijua skima. Katika familia ya Saxon, uwezo huo upo kwenye toleo la kulipia la EE. Tuliijaribu kwa leseni ya majaribio. Unaiingiza skima kwa xsl:import-schema, faili la uhasibu linahakikiwa linapoingia, na kila elementi inabeba aina yake hadi mwisho. Mstari ule mbovu, bila kuguswa hata herufi moja, ulitoa jibu sahihi, kwa sababu sasa pande zote mbili zilikuwa desimali. Pia nilipokosea kuandika njia ya elementi kwa makusudi, injini ilinionya kabla ya kusoma faili lolote la malipo. Ni zana nzuri sana. Hatukuinunua. Chama kina aina moja ya ujumbe na kinaiendesha mara chache kwa mwezi, na bodi ilikuwa sahihi kuuliza fedha za wanachama zitarudije.

Tulichukua ya nne, mchanganyiko. Tuliandika skima ya faili la uhasibu, ambayo haikuwahi kuwepo. Faili linahakikiwa kwa xmllint, zana ya kukagua XML, kabla ya XSLT, na ujumbe uliotoka unahakikiwa kwa skima ya pain.001 kabla haujaenda benki. Ndani ya XSLT, kila thamani inayoingia kwenye hesabu inawekwa kwanza kwenye kigeu chenye aina iliyotamkwa:

    <xsl:variable name="kiasi" as="xs:decimal" select="kiasi"/>

Hili halihitaji injini ya kulipia. Sifa ya as ni sehemu ya XSLT 2.0 ya kawaida. Thamani isiyogeuka kuwa desimali inasimamisha kazi papo hapo kwa kosa. Jumla nayo ikawa sum() ya desimali, ikatoka 48735000 bila kipeo na bila format-number.

Katika skima tuliweka aina ya kiasi kama desimali iliyo juu ya sifuri, yenye tarakimu zisizozidi 2 baada ya nukta. Tarehe ikawa xs:date, ambayo inakubali 2023-04-03 na kukataa 03/04/2023.

Hapa nilikosea tena. Akaunti niliipa aina ya xs:integer, kwa kuwa ni tarakimu tupu. Mwenzangu alipolinganisha ujumbe mpya na wa mwezi uliopita mstari kwa mstari, akaona akaunti kadhaa zimepungua tarakimu: iliyoanza na 0152 sasa inaanza na 152. Namba kamili haina sifuri ya mbele, na injini ilifanya kama ilivyoambiwa. Nikairudisha kuwa maandishi yenye muundo maalumu, tarakimu tu, kati ya 10 na 16. Namba ya akaunti, namba ya simu, namba ya uanachama: hakuna atakayezijumlisha, kwa hiyo si namba kwa maana ya skima. Kosa hili lilikamatwa ofisini, lakini lingefika benki lingekuwa baya kuliko la CtrlSum, kwa kuwa pain.001 huipokea akaunti kama maandishi ya hadi herufi 34 na ingepita skima yao bila neno.

## Matokeo

Wiki ya kwanza lango la kuingilia, yaani ukaguzi wa xmllint kabla ya XSLT, lilirudisha karibu kila kitu. Tawi moja liliandika 1,250,000 pamoja na mikato. Jingine liliandika TSh mbele ya kiasi. Mahali pawili kiasi kilikuwa kitupu. Mhasibu wa tawi alilalamika kwamba mfumo mpya haupendi chochote, na nilimwelewa: kwa miaka yote hiyo aliandika vilevile na hakuna aliyemwambia kitu. Tulipofuatilia tukagundua kuwa XSLT ya zamani ilikuwa na mstari wa kufuta mikato, uliowekwa na mtu aliyeshaondoka. Hatukuurudisha. Badala yake tulirekebisha fomu ya kuingizia kwenye matawi, na tukatafsiri taarifa za xmllint kuwa sentensi fupi za Kiswahili: mstari wa ngapi, jina la nani, kimeandikwa nini, kinatakiwa nini. Malalamiko yalipungua baada ya tafsiri hiyo kuliko baada ya kitu kingine chochote tulichofanya.

Tangu hapo hakuna faili lililorudishwa na benki kwa sababu ya skima, na hakuna malipo yaliyoangukia upande usio wake wa kikomo.

## Uchambuzi

Skima ya benki ilifanya kazi yake. Bila huo ukali wa desimali, 4.8735E7 ingeingia kwenye mfumo mwingine na kusomwa kwa namna ambayo hakuna anayeijua. Lakini ukali huo ulikuwa mwishoni mwa safari, na skima ya mwishoni huona umbo la matokeo tu. Uamuzi wa ndani, ule wa nani asaini, hauachi alama yoyote kwenye ujumbe. Muamala wa milioni 12 katika faili la kawaida ni halali kabisa machoni pa pain.001. Ndiyo maana ninaona kuhakiki kinachoingia ni muhimu kuliko kuhakiki kinachotoka, ingawa watu wengi huanza na kinachotoka kwa sababu ndicho kinachorudishwa na kuleta aibu.

Dawa yangu ya haraka ya Alhamisi ndiyo ninayoijutia zaidi. Format-number ililainisha maandishi bila kuuliza kwa nini injini iliona namba ya nukta inayoelea mahali ambapo sisi tulidhani kuna fedha. Ningeuliza swali hilo, ningefika kwenye xs:untypedAtomic siku ileile, na mstari wa kikomo ungekuwa wa pili kuutazama. Siku 11 zilipotea hapo.

Majaribio yalishindwa kwa sababu ya ukubwa wa data. Sasa faili la majaribio lina malipo ya 950,000 na 12,000,000, lina moja la 5,000,000 kamili, akaunti inayoanza na sifuri, na jumla inayozidi milioni 40. Kila thamani imewekwa kwa sababu, na sababu imeandikwa pembeni yake.

Kuna mambo ambayo skima haikuweza. Skima za toleo 1.0, ambazo ndizo xmllint inazozijua, haziwezi kusema kwamba CtrlSum lazima ilingane na jumla ya InstdAmt. XSD 1.1, yaani toleo la skima la mwaka 2012, inaweza, kwa xs:assert, lakini zana yetu haiisomi. Tuliuweka ukaguzi huo mwishoni mwa XSLT yenyewe kwa xsl:message yenye terminate="yes", inayosimamisha kazi.

Tarehe ndizo zilizotufundisha mipaka ya aina za data kwa uwazi zaidi. Kompyuta ya tawi moja ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Programu ya kuhamisha data iligeuza tarehe hizo kuwa 2023-04-03 ilipopaswa kuwa 2023-03-04. Zote mbili ni xs:date halali. Skima ilikamata tarehe zenye siku ya 13 na kuendelea, maana hakuna mwezi wa 25, na ikaziacha za siku 12 za mwanzo. Tuliongeza kanuni kwamba tarehe ya kutekeleza malipo isiwe nyuma ya leo wala zaidi ya siku 10 mbele. Inatosha, kwa sababu siku na mwezi vikibadilishana nafasi ndani ya mwaka mmoja, tarehe haiwezi kusogea chini ya siku 27: mfano ulio karibu kabisa ni 3 Februari na 2 Machi. Kanuni hiyo haina uhusiano na aina ya data, nayo ndiyo iliyoziba nusu iliyobaki.

## Yaliyobaki mezani

Chama kinafikiria kuanza kupokea taarifa za akaunti kutoka benki kwa camt.053. Ujumbe huo ni mkubwa zaidi, una tarehe na viwango vingi, na njia za elementi ni ndefu. Ikifika huko nitalirudisha suala la injini inayoijua skima mbele ya bodi, safari hii nikiwa na kisa hiki mkononi, maana kutamka as="xs:decimal" kwa mkono kwenye elementi chache ni jambo moja, na kwenye mamia ni jingine.

Tawi lenye mpangilio wa Kimarekani bado halijabadilishiwa kompyuta. Kila mwezi likituma tarehe zisizo sawa, lango hulirudisha faili lake kabla halijaigusa XSLT, na mhasibu wake huzirekebisha kwa mkono na kulituma upya.